Mwaka wa Bwana Tazama

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeona reli ikilazwa juu ya mchanga ambao juzi yake ulikuwa njia ya faru. Nimeona Wadachi wakiondoka na Waingereza wakikalia viti vile vile kabla havijapoa. Nimeona mtu aliyekamatwa na simba akirudi nyumbani kwa miguu yake, mkono mmoja hana, akiuliza kama amebakiziwa ugali. Nimeuza ng'ombe, ngozi, chumvi, karanga na mabati. Nina duka lenye milango miwili, nyumba tatu za kupangisha, na kiwanja kule Miyuji ambako zamani hata fisi walikuwa wakipita mbio. Haya yote nimeyatafuta kwa shingo yangu, bila baba wa kunirithisha wala mwalimu wa kunichapa, na hata herufi hizi ninazoandika, kubwa kama kwato, nilijifunza kwa kusoma maandishi ya kwenye magunia. Kwa hiyo juzi asubuhi, mtu alipokuja dukani kutoka Msalato, akasimama mlangoni, akasema, "Mzee, mtani wako ametutoka," sikushangaa. Chilongani alikuwa mgonjwa tangu mavuno. Nilimwambia karani afunge mlango mmoja, nikakaa juu ya gunia la chumvi mpaka mchana. Si huzuni, nilijiambia, ni uchovu. Siku hizi nachoka hata kwa kuhesabu watu niliowazika. Nikakaa pale pale, na mwaka wa Bwana Tazama ukaja wote, na harufu yake.

Sitaeleza nilikozaliwa wala nani alinizaa. Hilo halikunisaidia wakati ule na halitamsaidia msomaji sasa. Itoshe kusema mimi ni Mnyamwezi, na kwamba reli ilipofika Dodoma nilifika nayo nikiwa na koleo begani, kijana mwenye kifua kama mlango. Nilipanga kwa Bi Mwanaidi, mwanamke wa pwani aliyebaki bara tangu enzi za misafara ya pembe. Nyumba yake ilikuwa tembe, ndefu kwenda mbele, fupi kwenda juu, paa lake la udongo, mlango wake wa kuinamia; ukiingia bila kuinama, paji la uso lilikukumbusha kwa wiki nzima. Tulilala sita chumba kimoja, juu ya ngozi, na ukuta kati yetu na chumba chake ulikuwa wa fito na udongo uliokwisha kuchoka. Tulisikia kila kitu. Tulimsikia akihesabu vikombe, tulimsikia akisali, na siku moja nikamsikia akimwambia jirani yake, "Yule Mnyamwezi mrefu anajisifu hata usingizini. Jana amelala anasema, 'Leteni mzigo mwingine!'" Wenzangu walicheka mpaka udongo wa paa ukatudondokea. Sikuona aibu. Mtu asiyejisifu anangoja nani amsifu? Asubuhi alitupa uji wa uwele, jioni ugali na mlenda, na siku za mshahara kipande cha nyama kavu ambacho ulikitafuna tangu magharibi na bado unacho wakati wa kulala.

Maziwa alileta Mgogo mmoja kijana, amejipaka siagi na udongo mwekundu toka nywele hadi kifua, masikio yametobolewa mpaka yanagusa mabega. Huyo ndiye Chilongani. Siku ya kwanza kabisa aliniangalia, akaweka kibuyu chini, akamwuliza Bi Mwanaidi, "Huyu ni Mnyamwezi?"

"Ndiye."

"Nilijua. Tazama kichwa, kimekuwa bapa kwa mizigo. Unaweza kutenga chungu juu yake na kisimwagike."

"Na wewe," nikamwambia, "ukinyeshewa mvua, mwili wako utatosha kukandika nyumba."

Alicheka, akanipiga bega, na tangu hapo tukawa watani. Kwa asiyejua: Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita nchi yao na misafara na kugombania maji. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usikasirike. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, na wewe ukacheka, kisha siku yako ukaenda kuchukua kwake. Hakuna kuuziana, hakuna kudaiana. Anayekasirikia utani amejivua utu. Ndivyo tulivyoishi mwaka ule, mimi na yeye, hadi kiangazi kilipokaza na yeye akaja kuaga. "Napeleka ng'ombe Ruaha, upande wa Mtera, huku majani yamekwisha," alisema. "Ukikosa mtu wa kukutukana, punda, nifuate."

Wiki hiyo hiyo garimoshi lilimshusha Mdachi mzee, ndevu nyeupe, miguu mirefu kama ya korongo. Alitaka mnyapara na wapagazi ishirini wampeleke nyikani mpaka Ruaha, akaone wanyama. Mimi nilikuwa nimechoka na koleo. Nikaenda stesheni, nikasimama mbele ya mizigo yake huku watu wakitazama, maana nilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeweza kuninyang'anya: nikiinua mzigo, najua ndani mna nini. Sukari ina uzito wake wa kukaa, misumari ina uzito wa kuhama. Niliinua kasha hili nikasema, "Vyombo vya kulia." Nikainua lile nikasema, "Vitabu." Karani akathibitisha. Kisha nikainua mfuko mrefu wa ngozi wenye vifungo vya shaba, nikaupima mkononi, nikausikiliza, nikageukia watu nikatangaza: "Bunduki. Tena tatu. Za kupigia tembo." Watu wakaguna kwa heshima.

Hapo ndipo nilipopata wapagazi. Mtu mwenye bunduki tatu nyikani maana yake ni kitoweo kila jioni, na mpagazi anayejua atakula nyama hasumbui kwa mshahara. Niliwaita Wanyamwezi na Wasukuma waliokuwa wakichimba tuta la reli, nikawaambia, "Tutakula mpaka meno yaombe ruhusa." Wa kwanza kuja alikuwa Maganga, mtu mfupi, mabega mapana, mdomo mpana zaidi, na wengine wakamfuata yeye. Bwana alinipeleka bomani nikaweka dole gumba. Ofisa wa boma hakuinua hata macho. Alisema kwa Kiswahili chake kigumu kwamba mpagazi mmoja akikimbia ni kosa la mpagazi, lakini msafara ukivunjika, mizigo ikatupwa, ni kosa la mnyapara, na mnyapara huyo atalazwa uwanjani apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kila aliyeishi enzi za Wadachi anajua hiyo hamsa ishirini ni nini. Nilimwona mtu aliyepigwa. Hakukaa kitako mwezi mzima, na heshima yake haikukaa tena kabisa. Mimi nikacheka moyoni. Nani atakimbia nyama?

Kabla hatujatoka Dodoma nilianza kuona kwamba bwana huyu hakuwa kama wengine. Siku ya kwanza aliniamuru nimpeleke kwenye kilima cha mawe huko kaskazini. Tulipanda jua likichoma, tukishika mawe kwa mikono, mpaka juu. Nikadhani anatafuta dhahabu. Alikaa juu ya jiwe akaniashiria nikae, akanyoosha kidole. "Tazama!" alisema kwa sauti ndogo. Nikatazama. Walikuwa pimbi, wamejianika kwenye mwamba kama nguo zilizofuliwa, matumbo wazi. Tuliwatazama pimbi mpaka kivuli kilipohama. Kisha tukashuka. Maganga aliponiuliza tulifuata nini huko, nilimwambia pimbi. Katika maisha yangu sikuwa nimeona mtu anapanda mlima bila kufukuzwa na kitu.

Tukatoka, tukaelekea kusini. Huko Mvumi tulitaka kununua unga. Watu walitwambia mvua ilikatika mtama ukiwa kwenye maua, na waliokuwa na akiba walikuwa wameificha. Bwana alitoa rupia, akaongeza rupia. Mama mmoja alizipokea mkononi, akazitazama kwa huruma, akazirudisha. "Hazichemki," alisema. Wapagazi wakacheka, maana bado walikuwa na bunduki zangu tatu vichwani mwao. Mchana wake tukaliona kundi la kwanza la wanyama, pofu, wale swala wakubwa, wengi, wanene, ngozi zao zinang'aa, wamesimama uwandani kama ng'ombe wa mtu mwenye bahati. Bwana akainua mkono, msafara ukasimama. "Leteni mfuko mrefu," alinong'ona. Nikauleta mwenyewe kwa mikono miwili, nikauweka mbele yake, na nyuma yangu nikasikia watu ishirini wakimeza mate kwa pamoja. Akafungua vifungo vya shaba. Akatoa mguu wa mti. Akatoa mguu wa pili, na wa tatu, akaviunganisha, akavisimamisha, akaweka juu yake darubini kubwa, akainama, akafumba jicho moja.

"Tazama!" alisema.

Watu wakarudisha mizigo vichwani. Tulipopiga kambi Maganga alikuja, akakaa karibu yangu, akaokota kijiti, akakiinua taratibu mkononi. "Mnyapara," aliniuliza kwa upole, "hiki nacho ni bunduki? Wewe ndiye unayejua uzito."

Nilikwenda kwa bwana nikamwuliza, kwa adabu, bunduki iko wapi. Alikuwa nayo moja, ya kufukuzia simba, tena kwa kelele zaidi ya risasi. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nilipiga wengi, miaka mingi. Ukuta wa nyumba yangu yote pembe. Sasa mimi mzee. Nataka kuona wanyama wanafanya nini kama hakuna mtu anapiga wao." Sikumchukia kwa hilo, na nasema kweli mpaka leo. Alikula biskuti zake za mkebe, na unga ulipopungua alizigawa, kila mtu moja, na yeye moja. Alikuwa mwenye haki. Lakini biskuti ya haki haimtoshi mtu mwenye mzigo kichwani. Maganga alitega kitanzi cha kamba penye njia ya swala. Bwana alikiona, akakikata kwa kisu chake, akamrudishia kamba bila kumfokea. Afadhali angefoka. Tulikula ubuyu, tukala mizizi, tukanywa maji yenye rangi ya chai. Na kila siku, asubuhi na jioni, tulipelekwa kutazama, mpaka wapagazi wakampa jina la Bwana Tazama. Nimetazama twiga nikiwa na njaa, nikamtazama tandala, nikamtazama mbuni akikalia mayai ambayo tusingeruhusiwa kuyagusa. Siku hizi Wazungu vijana huja dukani kwangu kununua mikebe kabla ya kwenda porini kutembeza macho, wananieleza jinsi nyika inavyotuliza moyo. Nawafungia mikebe vizuri, nawaongezea chumvi, nanyamaza. Mwenye njaa haoni twiga, anaona paja.

Tulipofika Ruaha, karibu na Mtera, kulikuwa na mwamba mrefu juu ya mto. Sasa bwana alikuwa na furaha. Alitupandisha wote, ishirini na mnyapara wao, akatulaza kifudifudi mstari mmoja. Chini yetu palikuwa na nyati wamesimama majini mpaka magoti, swala pala wengi wasiohesabika, ngiri wanapita mikia juu, na ng'ambo pofu wanashuka kunywa kwa zamu. "Tazama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye msikitini.

"Natazama," Maganga akanong'ona kwa Kinyamwezi. "Yule pofu wa kushoto. Paja lile watu saba wanashiba."

"Achana na paja," akasema mwenzake. "Mimi kidari. Kidari chenye mafuta, kikidondoka motoni kinasema tsss."

"Wewe na kidari chako! Mimi nipe utumbo tu, hata usiooshwa."

"Nyamazeni," nikasema, "bwana anasikia."

"Asikie. Si tunatazama? Yeye anatazama kwa darubini, sisi kwa tumbo."

Bwana, kwa wema, akadhani wanavutiwa. Alimwita Maganga akamwinamisha kwenye darubini. Maganga aliweka jicho, akatulia, kisha mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe mbele kushika kitu, ukashika hewa. Akarudi mahali pake akalala. "Bwana," alisema, "chombo hiki kina dhambi. Kinaileta nyama mpaka mdomoni, halafu kinaiondoa." Hakuna aliyecheka. Nikajua nimekwisha.

Asubuhi yake mizigo ilikuwa imepangwa kando ya njia, kasha juu ya kasha, kamba zimekunjwa. Mpagazi akipanga mizigo vizuri bila kuambiwa, ujue hategemei kuibeba tena. Wote walikuwa wamekaa chini, nyuso zimeelekea Dodoma. Maganga aliniambia bila hasira, "Mnyapara, sisi tunarudi. Hatukuibii kitu, hatukutukani. Lakini uliinua mfuko ukatuambia bunduki. Miguu mitatu ya mti haijapata kuliwa na mtu tangu dunia iumbwe." Nilijaribu kupaza sauti. Nilijisifu, nikatisha, nikataja boma. "Bomani watakupiga wewe," alisema mmoja, kwa huruma kabisa. Bwana alikuwa bado juu ya mwamba wake, hajui lolote. Nikauona uwanja wa boma, nikawaona watu wa reli wamesimama duara, na Bi Mwanaidi na kikombe chake mkononi, na mimi nimelala chini, yule mrefu anayejisifu hata usingizini.

Ndipo tukasikia kengele za ng'ombe na milio ya mbuzi. Walikuja kunywa, vumbi mbele yao, na nyuma ya vumbi Chilongani na fimbo yake. Alisimama, akatuangalia, akaangalia mizigo, uso ukamkunjuka.

"Kuna nini hapa? Wanyamwezi wamekaa chini mchana? Mimi nilidhani ninyi hulala mmesimama, kama punda!"

Akangoja tusi lake.

"Hata kutukana mmesahau? Mmekula nini?"

"Macho," alisema Maganga. "Tumekula macho."

Chilongani alitembea akizunguka mizigo, akaigusa kwa fimbo, akauona ule mfuko mrefu. Nadhani alielewa mambo yote bila kuelezwa, maana sifa ya kuinua mizigo alikuwa amenisikia nikiitoa mara nyingi nyumbani kwa Bi Mwanaidi. Akaja mbele yangu. "Mtani, mbona huombi?"

"Sijawahi kumwomba mtu kitu," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli. Hata mama alinitengea chakula bila kuombwa."

"Basi usianze leo, utavunja mwiko." Na kabla sijapepesa jicho alikuwa ameninyakua kofia. Kofia yangu nyekundu yenye kishada, niliyoinunua Tabora kwa jasho la msafara mzima, ndiyo iliyonifanya mnyapara machoni pa watu. Akaibandika juu ya nywele zake zilizojaa siagi na udongo, akageuka huku na huku kama bibi harusi. Wapagazi, Mungu awarehemu, wakaanza kucheka. Bwana Tazama alikuwa akishuka mwambani, akaona, akaniuliza kwa ukali, "Huyu mwizi?"

"Hapana, bwana. Mtani."

"Nimechukua," Chilongani alisema, ameshika kiuno. "Sasa wewe chukua. Au huko kwenu mnajua kubeba tu, kuchukua hamjui?"

Nilikwenda kwenye kundi lake nikashika mguu wa mbuzi mdogo kuliko wote. Akanichapa mkono kwa fimbo. "Kimbuzi hicho kwa mapunda ishirini! Watu waseme kofia ya mtani wangu ni ya thamani ya kimbuzi? Unanitukana mimi, au unaitukana kofia?" Akapiga mluzi. Kutoka majini akaja dume la kijivu, pembe moja imeinamia jicho, anatembea kana kwamba ardhi ni yake na hakuna wa kumngoja. Kwa Kigogo alikuwa na jina ambalo kwa Kiswahili ningesema Sina-Haraka. Nilikuwa nimelisikia jina hilo jioni nyingi kwa Bi Mwanaidi. Kuna watu huongea habari za wanawake. Chilongani aliongea habari za ng'ombe huyu. Alimfungua kengele shingoni, na mafundo yalimshinda kidogo, akatumia meno. "Mchukue kabla sijaanza kufikiri," alisema. Kisha akageuka, akawafuata wengine mtoni, amesimama na mgongo wake kwetu, kofia yangu kichwani, akiimba kwa nguvu wimbo wa kututukana. Aliuimba kwa muda mrefu, mpaka kazi yetu ilipokwisha.

Bwana alitoa mfuko wa rupia. Nikampelekea Chilongani maneno. "Mwambie huyo mzee," alinijibu bila kugeuka, "ng'ombe huyu hauzwi. Angekuwa anauzwa ningekwisha muuza. Kwani yeye ni mtani wangu?" Bwana akaniuliza hiyo ni sheria gani. "Ni sheria ya kutukanana, bwana," nilimwambia, na alikaa akifikiri kama mtu aliyeulizwa swali gumu shuleni.

Tulikula siku ile. Sitaki kueleza tulivyokula. Nina wateja wanaosoma. Bwana alikaa chini na sisi, akapewa ini, akala kwa vidole. Nyingine tukaianika juu ya mawe. Na kesho yake mizigo ilipanda vichwani bila neno, na bwana akatupeleka juu kidogo, penye korongo la mchanga mkavu linaloingia Ruaha. Tulilala kifudifudi tena. Tumbo limejaa, nilimwona tembo jike akija, akasimama katikati ya mchanga, akachimba kwa mguu wa mbele taratibu, akaondoa mchanga kwa mkonga kama mwanamke anayepepeta. Kisha akangoja. Hakuna maji. Akangoja tu, masikio yakipunga, mtoto wake akimgongagonga. Maji yalipotoka chini, machache, ya matope, aliyamwaga. Yakatoka tena, akayamwaga tena. Ya tatu yalikuwa safi, akasogea kando mtoto akanywa kwanza. Walipoondoka wakaja nyani, wakaja kanga, wakaja hata nyuki, wote kwenye shimo lile moja. Nilimtazama Bwana Tazama. Alikuwa ameacha darubini, anajifuta macho kwa mkono wa shati. Sikushangaa, mimi si mtu wa kushangazwa. Nilikaa tu pale mpaka jua likanichoma utosi, maana kofia sikuwa nayo.

Tulirudi Dodoma watu wote ishirini na mmoja, hakuna mzigo uliotupwa, na bomani ofisa alinitazama kwa mara ya kwanza. Habari ilienea: kuna mnyapara ambaye watu wake walikwenda Ruaha na kurudi bila kupigiwa hata swala mmoja. Wazungu wakanitafuta. Kwa mshahara wa safari zile nilinunua ngozi, kwa ngozi nikanunua ng'ombe, na mengine yanajulikana. Bwana Tazama alipanda garimoshi na miguu yake mitatu, sikumsikia tena. Kisha vita vikaja, wapagazi wakakamatwa kubeba mizigo ya wenye bunduki za kweli. Maganga hakurudi. Karibu wote hawakurudi. Siku nyingine nikilala mchana naona wale wanaume wamelala mstari mmoja juu ya mwamba, nasikia kidari kikisema tsss, naamka nimechoka kuliko nilipolala.

Vijana huwa nawaambia nilianza na mikono mitupu. Si uongo, nilianza bila hata kofia. Lakini ng'ombe yule alinikaa rohoni. Nilipopata mali nilimpelekea Chilongani mtamba mwekundu, mzuri. Alimrudisha, amemfunga kishada cha majani kichwani, na ujumbe kwamba mimi mtani wake nimepotelewa na mama yangu. Nilipomkaribisha dukani achukue atakacho, alichukua kiberiti. Mara nyingine sindano. Mara nyingine chumvi ya kujaza kiganja. Na kila alipokuja mjini alikuja na kofia ile, nyekundu ikawa ya kahawia, ya kahawia ikawa haina jina, kishada kimeliwa na mende, akipita sokoni akiwatangazia watu, "Mnamwona tajiri yule? Mimi ndiye niliyemnyang'anya!"

Ndiyo maana jana nilikwenda Msalato na shilingi mia mbili zimefungwa kwenye leso, na kichwani kofia mpya. Nilimkuta mjane wake, Matika, amekaa penye kizingiti na wanawake wenzake. Nilipiga goti, nikatoa pole, nikaweka leso mbele yake. "Dada, hii ni ya ng'ombe. Yule wa Ruaha."

Hakuigusa. "Mtani," alisema, sauti imekauka kwa kulia, "umekuja kuzika au umekuja mnadani?"

Nikaona aibu, na mimi aibu si kawaida yangu. Nikafanya kazi niliyoijia, maana msibani mtani ndiye aliyepewa ruhusa ya kuchezea kifo ili wenyewe wapumue. Kaburi lilikuwa tayari. Nilishuka humo, mimi na kitambi changu na magoti yangu, nikalala chali. Udongo ulikuwa wa baridi. "Hapa pazuri!" nikapaza sauti. "Sitoki! Nilipeni nitoke, la sivyo Mgogo wenu mtamlaza juu ya paa!" Juu nikasikia vicheko vya kwanza vya siku ile. Kwa desturi hutoa kitu kidogo, mtani akatoka. Badala yake uso wa Matika ukatokea ukingoni.

"Usitoke," alisema. "Kaa hapo hapo. Alikuwa akiuliza kila siku huko aendako nani atamtukana."

"Dada, hapa panabana."

"Panabana kwa sababu Sina-Haraka bado unaye tumboni. Tunamwona kutoka huku." Watu wakaangua kicheko, wakaanza kunidondoshea udongo miguuni, donge, donge. Kisha Matika akanyoosha mkono, akanishushia kofia ile kuukuu. Ilinuka siagi. "Mwenyewe amesema urudishiwe. Aliiazima tu."

"Akirudisha kofia, mimi nirudishe ng'ombe! Zile fedha ni zake!"

"Ng'ombe mlimla. Fedha haina pembe iliyoinama." Sauti ikamvunjika kwa mara ya kwanza. "Lakini mume wangu hajapata kwenda mbali kichwa wazi tangu akujue. Vua hiyo mpya. Ukivua, utatoka."

Nilivua. Nikaipandisha juu kwa mkono wangu, nikamwona akiipokea, akiipangusa vumbi kwa kiganja, akiondoka nayo kuelekea ndani alikolala mwenyewe. Vijana wanne walinivuta nikatoka. Shilingi zangu mia mbili nilizikuta zimerudishwa mfukoni mwa koti langu, leso imefungwa fundo lile lile. Nilitembea kurudi mjini polepole, sikumwita mtu anilete kwa baiskeli, na kofia ya Tabora nilikuwa nimeivaa, na watu njiani wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Dukani nilimwuliza karani kofia kama ile niliyokwenda nayo tunaiuza bei gani, ingawa bei zote naziweka mwenyewe. Ngozi, ng'ombe, nyumba tatu na duka la milango miwili, na mgongo usio na alama hata moja ya boma: vyote hivyo, mwisho wa yote, vilinigharimu shilingi tatu na senti hamsini.